Mwanangu, mbuzi mmoja hatoshi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tangu mwenzake afe, farasi wako anazunguka kando ya uzio kutwa nzima hadi amechimba njia, analia kila akisikia kwato kwa mbali, na asubuhi unamkuta palepale ulipomwacha. Farasi wa pili unaona ni mzigo, ndiyo ukaniuliza: nikimletea mbuzi, si atatulia?

Anaweza kutulia. Lakini ngoja nikukumbushe farasi wetu Tumaini, maana ulikuwa mdogo, nadhani umesahau. Alipobaki peke yake nami nilinunua mbuzi, kwa hesabu hiyohiyo yako: hali sana, hachukui nafasi. Juma la kwanza walikuwa hawaachani, nikajisifu. Juma la tatu nikaona mkia wa Tumaini umefupika. Nikadhani anajikuna kwenye nguzo. Siku moja nikajibanza nyuma ya banda, kumbe mbuzi anapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaudaka mkia na kuutafuna polepole kama anayekula majani ya mti, na Tumaini kasimama tu, macho nusu yamefumba! Nzi walimtesa msimu mzima, na mkia ule haukurudi upesi.

Ila mkia haukuwa shida kubwa. Shida ni kwamba Tumaini hakuwa akilala, na mimi sikulijua hilo. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini ule usingizi mzito haupati mpaka ajilaze, na mara nyingi hajilazi mpaka aamini kuna mwenzake anayekesha. Nusu saa hivi kwa siku humtosha. Akiukosa siku nyingi, usingizi humzidi akiwa wima, miguu ya mbele hukunjika, anashtuka kabla hajaanguka. Tumaini alikuwa na michubuko juu ya kwato za mbele na kwenye magoti, nami nikawa nalaumu mawe.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, mama, kesho asubuhi mapema mpapase ubavuni na mapajani. Ukikuta vumbi au vipande vya majani makavu, alijilaza. Fanya hivyo siku kadhaa, na miguu yake uikague.

Ukiniuliza mimi, mtafutie farasi mwenzake. Si lazima awe wa kupandwa. Wapo wazee waliokwisha kustaafu kazi, wenyewe wanawatafutia pa kumalizia siku zao. Tafuta mpole, aliyezoea kuishi na wenzake, na umwite daktari wa mifugo amtazame meno na miguu kwanza, kwa sababu mzee asiyeweza kutafuna ana gharama zake. Kwato nazo zitataka kuchongwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, awe anafanya kazi au hafanyi. Hilo silifichi. Lakini hakuna mbuzi atakayesimama naye kichwa kwa mkia wakifukuziana nzi usoni, wala atakayemkuna kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo. Wakikunana hapo, hata mapigo ya moyo hushuka.

Kama farasi haiwezekani kabisa, basi punda, na wawe wawili. Punda mmoja atashikamana na farasi wako kwelikweli, halafu siku ukimpeleka farasi mahali, punda anabaki analia na kugoma kula. Punda mnene akigoma kula, mafuta hufurika kwenye damu na anaweza kufa. Wapimwe minyoo ya mapafu kabla hawajaingia malishoni: punda huibeba bila dalili, farasi akiambukizwa ndiye anayekohoa. Wajengee paa pia, manyoya yao hayazuii mvua kama ya farasi. Na usiwalishe kwa huruma, hunenepa upesi.

Kondoo wana faida moja ninayoipenda. Minyoo yao mingi haiishi ndani ya farasi, na ya farasi haiishi ndani yao, kwa hiyo wakichunga pamoja husafishiana malisho. Lakini nao wanataka kondoo wenzao, kama vile mbuzi anavyotaka mbuzi. Nguruwe mwache kabisa, farasi wengi humwogopa.

Hapa sasa nisikilize vizuri. Ukichanganya mifugo, kila mmoja ale chake. Chakula cha farasi huwa na madini ya shaba kiasi kinachoweza kumuua kondoo. Na baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini, ambayo kwa farasi ni sumu ya moyo hata kidogo tu. Magunia yawe kwenye chumba chenye komeo, si mlango wa kusukumwa kwa pua.

Huyo mgeni, awe nani, mtenge wiki 3 mbali na mwenyeji. Kisha waonane ng'ambo ya uzio siku kadhaa, wanuse, wapigiane kelele. Siku ya kuwachanganya, weka marundo ya majani makavu yazidi idadi yao, mbalimbali, kusiwe na pembe ya mmoja kubanwa.

Baba yako anasema ununue mbuzi tu uachane na maneno yangu. Yeye mkia wa Tumaini hakuwa akiusafisha.

Nipigie kesho uniambie umekuta nini ubavuni.

Mama yako