Jibu: Lenzi ya mtumba, picha za machweo zinatoka na weupe

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, lenzi yako ya 50mm ya mtumba inapiga safi ndani ya nyumba, ila ukielekea jua linapozama pale Capri Point, Mwanza, picha inakuwa na weupe kama maziwa. Usikimbilie kwa fundi. Toa kwanza filta ya mbele, urudie picha ileile. Filta za bei chee zimenisumbua sana kwa hili.

Hali ikibaki, chomoa lenzi, hakikisha tundu la kupitisha mwanga (aperture) limefunguka lote, mulika tochi ya simu kutokea nyuma huku ukichungulia mbele kwa mshazari. Vidoti ni vumbi, achana navyo. Nyuzi nyuzi zinazotambaa kutoka ukingoni ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa ziwani wala si ajabu. Kuvu changa husafishika. Ikishakula koti la kioo (utando mwembamba uliopakwa juu yake), alama haitoki. Fundi akitaja bei inayokaribia lenzi nyingine, mimi ningenunua nyingine.

Kuihifadhi: kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu). Mchele hapana, unga wake unaingia kwenye ringi ya fokasi. Begi la ngozi pia hapana, linatunza unyevu.