Mia moja ya savaivo: kwa wadogo zangu mnaoanza

Wiki iliyopita dogo mmoja wa sekondari aliingia kibandani kwangu hapa Kabwe, Mbeya, akaweka mia tano juu ya kabati la vioo, akasema anataka Tekken 3, ile gemu ya kupigana, upande wa savaivo, yaani kupigana na komputa mpaka ufe. Mimi ni fundi simu. Ile PlayStation ya kwanza na TV ya chogo iliyoko nyuma ya pazia ni ya kuchangamsha jioni tu. Nikamwashia. Kioo nilichokuwa nabandika hakijakauka, dogo kashakufa kwa mpinzani wa tano. Akarudia, akafa kwa wa nne. Akanigeukia: "Bro, mashine yako imechoka."

Mashine haijachoka. Dogo anacheza savaivo kama anavyocheza na mwenzake, na hiyo ni michezo miwili tofauti. Nilimweleza pale pale, lakini wako wengi kama yeye, nikaona niandike.

Mjue kwanza nilikojifunzia. Ilikuwa Mwanjelwa, miaka ile kabla soko halijaungua mwaka 2006. Kibanda cha gemu tulichokuwa tunakwenda kilikuwa cha mbao, TV mbili, benchi moja, na bei ilikuwa mia moja kwa gemu, siyo kwa dakika. Hapo ndipo penye siri. Ukicheza na mtu, mia yako inaisha ukifungwa, na pale kulikuwa na mabaharia waliokuwa wanakufunga kabla benchi halijapata joto. Ukiingia savaivo, mia inaishi kadiri unavyoishi wewe. Sisi tuliokuwa tunapata mia moja kwa wiki tulihamia huko wote. Mwenye kibanda alipoona mtoto mmoja amekalia pedi dakika arobaini kwa mia, akaleta sheria: kila wapinzani kumi, ongeza mia. Tulinung'unika, ila umeme alikuwa analipia yeye.

Mtindo wenyewe mnaujua. Damu, yaani ule mstari wa uhai wako juu ya kioo, ni moja, wapinzani hawaishi, kila pambano raundi moja. Ukimwangusha huyu unarudishiwa damu kidogo, kisha anaingia mwingine, yeye damu yake imejaa. Mortal Kombat, gemu nyingine ya kupigana, ya 1992, tayari ilikuwa na mapambano ya aina hiyo: ukimaliza wa kwanza, wa pili anaingia hapo hapo na wewe unaendelea na damu iliyobaki. Tekken ikaondoa mwisho. Unapigana mpaka ufe.

Sasa sikilizeni hapa, maana haya mengine yote yanatoka hapa. Kile unachorudishiwa ni kidogo. Ukimpiga mpinzani lakini akakutoa damu nyingi kuliko unayorudishiwa, umeshinda kwa hasara. Ni kama mtu anayenunua parachichi Tukuyu, analipa na nauli ya Coaster, halafu anakuja kuziuza Mwanjelwa kwa bei ile ile aliyonunulia, na jioni anafurahi kwamba mzigo umeisha. Mzigo umeisha kweli, na mtaji nao. Dogo wangu wa mia tano alishinda mapambano manne, yote kwa hasara. Huyo wa tano alimkuta hana kitu, alimsukuma tu.

Kwa hiyo kila pambano likiisha, usiangalie aliyelala chini. Angalia mstari wako wa damu. Umeongezeka kuliko ulivyoingia nao, au umepungua? Ukipungua mara mbili mfululizo, kuna kitu unakosea. Punguza kasi.

Kukinga ndiko kazi yenyewe, na ndiko wanaoanza wasikokupenda kwa sababu hakuna kelele za kushangiliwa. Kwenye Tekken mapigo yako ya aina tatu. Ya juu yanakupita ukichuchumaa. Ya kati yanampata aliyechuchumaa. Ya chini yanampata aliyesimama hata kama anakinga. Ukivuta mshale wa nyuma unakinga ya juu na ya kati. Ukivuta nyuma na chini kwa pamoja unakinga ya chini. Basi. Shida inakuja kwa sababu wengi wakiogopa wanachuchumaa na kubaki hapo kama wanasubiri mvua ipite. Komputa ikikuona umechuchumaa inakuletea pigo la kati, na mapigo ya kati ndiyo yanayouma. Kaa umesimama, huku umevuta nyuma. Chuchumaa pale tu unapoona mguu unafagia, kisha inuka haraka. Ufagio ukiukinga vizuri, aliyefagia anayumba, na hapo ndipo unapopiga chako cha bure.

Kuna jambo dogo hapa ambalo lilinichukua miezi kuligundua. Ukisimama bila kubonyeza chochote, mchezaji wako anajikinga mwenyewe mapigo mengi ya juu na ya kati. Mara nyingi vidole vyako ndivyo vinavyokuua: unabonyeza kitufe cha pembetatu ukiwa na hofu, ngumi inatoka, kinga inafunguka, unapigwa. Mwenye kibanda chetu alikuwa akituambia, "Toa vidole!" Tulidhani anatania, anataka tufe haraka ili mia nyingine iingie. Siku moja nilikuwa nimeshika pedi ambayo X yake haishiki, mpira wa ndani umekwisha, na kwa kuogopa kukosea nikawa nabonyeza kidogo sana. Nilivuka wapinzani kumi na mmoja, wakati rekodi yangu ilikuwa saba. Pedi mbovu ndiyo iliyonifundisha.

Kuhusu mapigo. Najua mmejifunza zile kombo, mapigo kumi ya mfululizo, za wachezaji kama Jin au Law, na zinapendeza mbele ya watu. Savaivo haizitaki. Kombo ndefu ina nafasi katikati, na ukifika kwa wapinzani wa mbele komputa inazijua hizo nafasi kuliko wewe. Chagua vitu vitatu tu vya mchezaji wako: ngumi fupi inayotoka haraka, pigo moja la kati ambalo halikuachi wazi hata likikingwa, na kukaba, yaani mraba na X kwa pamoja. Ngumi fupi ni ya kumzuia anayekuja. Pigo la kati ni la kumwadhibu aliyechuchumaa. Kukaba ni kwa yule anayesimama kukinga tu. Ukishavijua hivyo vitatu usiku na mchana, ndipo uongeze cha nne.

Mtaniuliza nichague nani. Wengi watakwambia Eddy, maana ukibonyeza hovyo miguu tu anacheza ngoma yake na watu wanaanguka. Ni kweli, wanaanguka, wale sita au saba wa mwanzo. Jirani yetu wa pancha alikuwa mtu wa Eddy, na alikuwa hafiki kumi. Kila siku saba, nane, saba. Eddy anakufikisha haraka mahali ambapo hujui kucheza. Mimi nilikuwa na Paul. Ana ngumi yake ile nzito, chini, mbele kwa kuzungusha, kisha pembetatu. Ikimpata mtu inakata kipande kikubwa cha damu, na pambano fupi ni pambano la faida. Lakini msiirushe kila dakika. Ikikingwa unabaki umenyoosha mkono kama anayesimamisha daladala, na mwenzako anachagua atakufanya nini. Yoshimitsu naye wako wanaompenda kwa sababu akikaa chini ametulia damu inarudi kidogo kidogo. Nimejaribu. Komputa haikupi muda huo labda awe amelala mbali. Hapo kaa, pata mbili tatu, simama.

Kwa upande wa wapinzani, wawili tu ndio nitawasema. King anakuja kukukaba, na kukaba kwingi kunampita aliyechuchumaa. Ukimwona anakusogelea bila kurusha kitu, shuka halafu panda na ngumi. Hwoarang anarusha mateke mfululizo na unaona kama hayana mwisho. Yana mwisho. Kinga yote, usijaribu kuingia katikati, ngoja atue mguu. Wengine mtawajua wenyewe kwa kupigwa.

Sasa nije kwenye kosa ambalo limeniua mimi mara nyingi kuliko mengine yote, na naliona kwa kila dogo anayekuja hapa. Mpinzani ameanguka, damu yake imebaki kama unywele. Unamkimbilia kummalizia.

Usimkimbilie. Aliyelala chini anaweza kuinuka na teke la chini au la kati, na wewe uliyekuja mbio huna kinga. Ilikuwa Julai, mnajua Julai ya huku, asubuhi unatoa moshi mdomoni na vidole vimekuwa kama miti. Nilikuwa kwa mpinzani wa ishirini na nne, na sijawahi kufika huko. Watoto wamejaa nyuma yangu mpaka mlangoni. Jin amelala chini, amebakiwa na mstari mwekundu mwembamba, mimi nina nusu nzima. Nusu nzima! Nikamkimbilia. Akainuka na teke, nikaanguka. Nikainuka kwa hasira nikarusha ile ngumi yangu, akaikinga, akanipandisha juu, na nilivyokuwa hewani akanipigia huko huko. Nusu ikaondoka nikiwa sijagusa ardhi mara mbili. Watoto nyuma wakapiga kelele ile ya "aaaah" ambayo ni mbaya kuliko kucheka. Nikatoka nje, nikaenda kuota moto kwenye jiko la mama wa mahindi ya kuchoma, na hakuna aliyeniongelesha.

Tangu siku hiyo mpinzani akianguka narudi hatua moja nyuma, nakinga, namwacha ainuke. Akiinuka na teke, linapita au linagonga kinga, na hapo anakuwa wangu. Asipoinuka, saa inatembea. Na saa ni rafiki: muda ukiisha, mwenye damu nyingi ndiye mshindi. Hakuna anayekulazimisha kummaliza mtu. Mashabiki wa nyuma watakuita mwoga, waache, hawakulipii mia.

Kuhusu baridi, hili ni letu sisi wa huku juu, wa Dar hawatalielewa. Mtu wa Makambako au Mafinga anajua: kidole cha baridi kinachelewa, na savaivo haikusamehi kuchelewa. Usianze moja kwa moja. Shika kikombe cha chai kwa mikono miwili, cheza pambano moja la mazoezi, halafu uingie. Na kila ukifika mpinzani wa kumi, ile sekunde kabla hajaingia mwingine, legeza mabega. Utashangaa ulivyokuwa umeyapandisha hadi masikioni.

Kama uko kwenye mashine mpya, hesabu inabadilika kidogo. Street Fighter V, nayo gemu ya kupigana, iliyotoka mwaka 2016, ina savaivo ya ngazi nne: wapinzani 10, 30, 50, na ile ya mwisho 100. Kati ya pambano moja na jingine unaletewa duka: unatumia pointi ulizopata kununua damu, au nguvu ya mapigo, au ulinzi. Niliicheza kwa rafiki yangu Iringa, Kihesa, anayo mashine. Yeye alikuwa ananunua damu kila mara, hata ikiwa imepungua kidogo tu, akifika wapinzani wagumu pointi hana. Mimi nilifanya kinyume: mwanzoni, wapinzani wakiwa bado wazito wa akili, sinunui kitu, nalimbikiza. Nikiona damu imeshuka chini ya nusu ndipo nanunua, na nanunua ile kubwa. Tulilala saa nane usiku. Mia hatukumaliza, ila hamsini tulivuka.

Jambo la mwisho ni rekodi. Kwenye Tekken 3 ukifanya vizuri unaandika herufi tatu za jina lako, zinakaa kwenye memori kadi. Zisipohifadhiwa, mashine ikizimwa zinapotea, na umeme wa kukatika mnaujua. Kwa hiyo ukiweka rekodi, hifadhi kwanza, shangilia baadaye. Rekodi yangu ya thelathini na moja iliondoka hivyo. Waliokuwepo wananiamini, ambao hawakuwepo wananicheka, na sina la kuwaonyesha.

Dogo wa mia tano alirudi jana. Hakuongea sana. Nilimsikia nyuma ya pazia, kimya, vidole vinagonga pedi mara moja moja, siyo ile mvua ya mawe ya wiki iliyopita. Alifika tisa. Alipotoka aliniuliza kama kesho nafungua. Nafungua saa nne, nikamwambia, na uwahi pedi ya kulia. Ile ya kushoto X yake bado inagoma.