Setelaiti haioni dhahabu mkuu, ila inaweza kukuokoa usichimbe kwa jirani

Mkuu uliyeuliza kuhusu hao jamaa waliokufuata Chunya na laptopu, wanaodai setelaiti yao inaona dhahabu mpaka chini na wanataka milioni mbili wakuoneshe pa kushusha duara (shimo la kuchimbia dhahabu), usiwape. Mimi nimezunguka na timu ya upimaji huko huko Chunya miaka minne, nilianza kwa kubeba jipiesi (GPS, kile kifaa kinachokwambia uko wapi) na vigingi baadaye wakanikalisha kwenye kompyuta, kwa hiyo hii naongea kitu nilichokishika.

Setelaiti inapiga picha ya juu ya ardhi basi. Chukua Sentinel-2, picha zake ni za bure na inapita kila baada ya siku 5 hivi, piksele yake moja, yaani kidoa kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10, na zile za infraredi wanazotumia kutafuta udongo uliobadilika ni mita 20. Sasa mwamba wako, ule mkanda wa jiwe wenye dhahabu, una upana gani? Tuliokuwa tunaufuata sisi ulikuwa kama sentimita 40, juu yake udongo, juu ya udongo miombo, hiyo setelaiti itauonea wapi? Inachoona ni kutu ya chuma na aina za udongo, ambavyo kuna wakati vinakaa jirani na dhahabu na mara nyingi havikai. Kuna siku kompyuta ilituonesha doa linawaka chuma balaa, tukatembea kilomita 6 kwa mguu na maji ya kunywa yakatuishia njiani, kufika tukakuta ni shimo la mkandarasi wa barabara alikochota moramu 😂

Kilichotusaidia kweli ni picha za zamani za Google Earth, zile za kiangazi majani yakiwa yamekauka. Lupa, huko huko Chunya, watu wamechimba toka miaka ya 1920 na mashimo yao mengine bado yanaonekana kama vidoa vyeupe vimejipanga mstari, na ule mstari ndio unakwambia mwamba umelalia wapi. Hiyo unafanya mwenyewe kwenye simu usiku umelala, hulipi mtu.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyekuuliza na ndicho kitakuumiza: mipaka. PML, ile leseni ya mchimbaji mdogo, haizidi hekta 10, ukiifanya mraba ni kama mita 316 kila upande. Ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960 (datamu ni msingi ambao namba za ramani zinahesabiwa kutokea hapo), ila jipiesi na Google Earth zenyewe zinasoma datamu nyingine, WGS 84. Ukichukua namba za Arc ukaziingiza hivi hivi kwenye jipiesi haikatai, inakupeleka vizuri tu, isipokuwa unatua karibu mita 300 kaskazini ya pale panapotakiwa na kidogo magharibi. Piga hesabu mwenyewe, mita 300 kwenye kiwanja cha mita 316, yaani umehama karibu chote!

Ndicho kilichotukuta. Duara lilishafika mita 14, matimba ya kuzuia kuta yamepigwa, bosi kashakopa hela ya karasha la kusaga mawe, asubuhi moja akaja mzee na karatasi yake kwenye mfuko wa nailoni, hakupiga hata kelele, akatuuliza "Vijana, mnajua mko kwa nani?" Tukatoa jipiesi kwa kiburi kabisa. Nikaingia kwenye setingi nikabadilisha datamu kuwa Arc 1960, namba zikaruka palepale mbele ya macho yetu na mimi nikajikuta naangalia viatu. Mzee alikuwa sahihi. Tulimwachia duara lake bure na mwamba ulikuwa ndo umeanza kutoa.

Kwa hiyo kabla hujashusha sururu angalia karatasi yako inasema datamu gani na zoni gani ya UTM (dunia imegawanywa vipande vya ramani), Chunya ni 36 kusini, kisha weka jipiesi ifanane, halafu chora kiwanja chako kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, juu ya picha ya setelaiti uone pembe zinaangukia wapi, mtoni, barabarani au kwa mtu. Ukimaliza nenda ofisi ya madini ya mkoa wakuhakikishie bikoni, zile alama za mipaka. Programu ni ya bure, bando tu ndo utalia.

Ukikwama weka kodineti zako hapa nikuchekie, ila funika tarakimu za mwisho, humu ndani kuna wenye sururu.