Barua kwa Mwanangu: Kovu la Baba Yako

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Unauliza kama miaka minne ya kuendesha pikipiki kwenye matope ya Mufindi, huko kwenye chai, inakutosha kuingia nayo Barabara ya Morogoro kila asubuhi, Kimara mpaka Posta. Umepata mtu anauza pikipiki ya cc 250, ya lami kabisa, ina ABS, zile breki zisizoacha gurudumu ligande, na unataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Jibu fupi sina. Nina swali. Mara ya mwisho kuikamua breki ya mbele mpaka pua ya pikipiki ikainama, ilikuwa lini? Usinijibu kwa simu, utanidanganya. Jiulize ukiwa peke yako.

Baba yako yuko shambani, kwa hiyo nitaandika upesi.

Lile kovu la goti lake si la mpira. Najua wewe na dada yako mmekua mkisimuliwa fainali ya walimu, na beki wa Lugarawa aliyemkanyaga na daluga. Hakuna beki. Beki ni mimi.

Ilikuwa Novemba 1996, inaelekea kuisha. Nilikuwa na mwaka wa tano Ludewa, bibi shamba, na ile Yamaha AG100 ya mradi, hiyo iliyo kwenye picha ya sebuleni, mimi na gambuti na suruali ambayo bibi yako aliiita vazi la balaa. Chombo kile kilitengenezwa kwa ajili ya watu wa shamba hasa: keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili ili uegeshe mteremko wowote uliokukuta, na mnyororo umefungiwa ndani ya boksi tope lisiule. Nilienda nacho Mlangali, nikateremka nacho mpaka Manda ziwani, nikarudi na viroba vya mbegu ya viazi. Masika tope jekundu la kule hunata kwenye tairi mpaka makashata yote yanafukiwa, ukawa unaendesha juu ya duara la udongo.

Tope lile lilinifundisha, sikatai. Lilinifundisha kutazama mbali, maana ukilikodolea shimo umeshaingia. Lilinifundisha klachi nusu nusu, kubana tangi kwa magoti, kusimama kwenye vikanyagio na kuiacha pikipiki icheze chini yangu. Gurudumu la nyuma likihama, moyo haushtuki. Na lilinifundisha kwamba breki ya mbele ni sumu. Mwaka wa kwanza niliigusa kwenye mteremko wa Manda, gurudumu la mbele likatoroka, nikala udongo. Tangu siku hiyo vidole vyangu vya kulia vikastaafu. Kazi yote ikaachiwa mguu.

Siku ninayoisema nilikuwa nampeleka baba yako Njombe akajitambulishe kwa babu yako. Amevaa suti ya kijivu ya kuazima kwa mwalimu mkuu. Mlangali mpaka Itoni hakupata hata tone la tope, nami nilikuwa na miaka miwili sijaanguka, kichwa kimenijaa upepo. Itoni tukaishika lami ya Makambako na Songea. Nikamwambia, "Mwalimu, sasa kaa kwa raha, tumefika." Kikaanza kimvua cha rasharasha, kile cha kwanza baada ya miezi ya kiangazi, kinachochanganya vumbi na oili za malori mpaka lami inakuwa kama sahani iliyoliwa nyama ya nguruwe. Mimi nikaona ni baraka, hakuna tope!

Pikapu ya mbao ilikuwa inakuja mbele yetu. Ikakata kulia, ikapita mbele yangu kuingia kwenye karakana. Muda ulikuwepo, mwanangu. Nimeupima nikiwa kitandani usiku mwingi kuliko nilivyowapima nyinyi homa, na kila nikiupima naukuta upo. Lakini mguu wa kulia ulikuwa umeshafika. Ukakanyaga kama unaua nyoka.

Mguu hauna masikio. Nimewaambia hivyo tangu mko na baiskeli.

Gurudumu la nyuma likaganda, matako ya pikipiki yakaanza kuja mbele. Kwenye tope huo ni mchezo: unaachia, unavuta mafuta kidogo, unatoa mguu wa kushoto nje unateleza nao. Nikautoa. Tope huwa linauachia buti upite. Lami iliudaka. Tukalala wote watatu, mimi, Mwalimu na AG100, tukaburuzika. Pikapu ikaingia karakana yake. Sidhani kama dereva alijua. Mimi nilichunika kiganja. Baba yako alipoteza goti la suruali ya mwalimu mkuu na goti lililokuwa ndani yake. Breki ya mbele sikuwa nimeigusa hata kwa ukucha.

Lakini siyo hapo panaponiuma.

Tulifika kwa babu yako wazee wameshakaa, ulanzi umeshamiminwa. Babu yako mdogo akautazama ule mguu, akauliza nani alikuwa anaendesha. Kabla sijafungua mdomo, baba yako akasema, "Mimi, mzee. Lami imenishinda." Wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Mwalimu Lami, ambalo wajomba zako wanamwita mpaka leo na nyie mkadhani ni kwa sababu ya ukali wa fimbo. Kila harusi lazima mtu amfiche funguo za pikipiki. Mtu ambaye hajawahi kuendesha hata bajaji!

Nilinyamaza kwa sababu enzi hizo, tungali Mkoa wa Iringa, msichana wa suruali aliyemwangusha mchumba angenyang'anywa pikipiki, na kazi, na pengine mchumba mwenyewe. Hiyo ilikuwa sababu ya 1996. Ya leo sina, na bado nimenyamaza.

Turudi kwenye swali lako. Ule utafiti ulionitumia, wa Harry Hurt na wenzake kule Los Angeles, uliotoka 1981, nimeusoma na kamusi pembeni. Ni kweli wanasema waliowahi kuendesha pikipiki za vumbi walionekana wachache miongoni mwa waliopata ajali. Hapo ndipo ulipopiga mstari. Ulipoacha kupiga mstari mimi nimepiga. Wanasema waendeshaji wengi, ajali ilipowajia usoni, walikandamiza breki ya nyuma mpaka ikaburuza, na ya mbele wakaibania. Wamarekani hao hawajanijua, lakini wameniandika. Wanasema tena kwamba pikipiki na gari zikigongana, mara mbili kati ya tatu mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Na kwamba zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa hawajafikisha miezi mitano na pikipiki ile ile waliyoangukia, hata kama barabarani walikuwa wenyeji. Wewe unanunua ipi? Mpya kwako.

Sasa utaniuliza: mama, kama tope linafundisha mguu ujinga, mbona watu wa tope walikuwa wachache kwenye hesabu ile? Nimejiuliza na mimi, tangu juzi. Labda aliyeanguka sana ameishiwa kiburi. Labda gurudumu likihama yeye hagandi kama mtu aliyeona mchezo huo kwa mara ya kwanza. Hilo nalikubali, nimeliishi. Lakini mimi nilikuwa mtu wa tope miaka mitano na nikamlaza baba yenu lami kilomita chache tu baada ya kuikanyaga. Basi labda tope linafundisha. Na labda linafundisha mwenye kujua kwamba amefundishwa nusu. Sijui, nikilisema hivi naona naegemea kwako, na sitaki.

Tofauti nyingine ni hii: tope halikuvizii. Shimo la Mlangali nililipita asubuhi, jioni nikalikuta pale pale. Ludewa ningeweza kukutana na lori moja na ng'ombe wawili siku nzima. Wewe utakuwa Ubungo na daladala inayosimama pale konda alipoona abiria, bodaboda upande wa kushoto usiotarajia, mlango wa teksi unafunguka. Macho yako yamezoea kusoma ardhi. Mjini unasoma magurudumu ya mbele ya magari, maana dereva anaweza kukutazama usoni na bado akakata.

Na hiyo ABS usiitegemee mno. Itauzuia mguu usigandishe gurudumu. Haitauambia mkono uanze kazi. Ukisimama ghafla na ndoo kichwani, maji yanakimbilia mbele. Pikipiki nayo ikifunga breki mzigo wote unakimbilia mbele, gurudumu la mbele ndilo linalogandamizwa barabarani, la nyuma linabaki jepesi kama kuku. Wewe unalibebesha kazi lile jepesi. Kwa nini? Kwa sababu mguu hauna masikio.

Hapa nilikuwa nimeandika jibu lenyewe, neno moja. Nimelikata. Una miaka ishirini na saba.

Badala yake fanya hivi. Jumapili alfajiri tafuta lami tupu, azima pikipiki kabla hujanunua, nenda thelathini kwa saa, simama kwa breki ya mbele, mguu uache utulie. Usiinyakue. Ikamue kama ulivyokuwa unamkamua yule ng'ombe wetu mwenye hasira, kidole baada ya kidole, mwanzo taratibu halafu kwa nguvu. Mara mia mbili, siyo ishirini. Kisha subiri mvua ya kwanza inyeshe, rudi pale pale, anza upya polepole zaidi. Ukimaliza nipigie, nami nitakusomea neno nililokata, maana karatasi ninayo.

Nasikia baba yako anagonga viatu mlangoni. Barua hii usimsomee. Au msomee, sijui. Krismasi wajomba zako wote watakuwepo, na babu yako mdogo amesema atakuja hata kwa kubebwa.

Mama yako