Korona ilipoivamia thieta, chumba cha upasuaji: maswali yenu

Mama aliahirishiwa upasuaji wa nyonga kwa kuwa eti "si wa lazima". Mwaka mzima wa maumivu si lazima?

Pole yake. Neno hilo lilichaguliwa vibaya. Ulikuwa upasuaji wa kupangwa, yaani kuusogeza mbele hakuhatarishi maisha papo hapo. Mwaka 2020 watafiti walikadiria kwamba katika wiki 12 za kilele cha janga, operesheni zipatazo milioni 28 zingeahirishwa au kufutwa duniani. Kosa ninaloliona mimi ni kuahirisha bila kumpigia mgonjwa simu tena: nyonga ya Machi siyo ya Oktoba. Orodha ilipaswa kupitiwa upya kila mara, anayezidiwa asogezwe juu.

Madaktari wa upasuaji hawatibu mapafu. Kwa nini wasingeendelea na kazi yao?

Kisu peke yake hakipasui mtu. Daktari wa usingizi, hodari wa kupitisha mpira wa kupumulia kooni, alihitajika kwa wagonjwa mahututi. Mashine yake ya usingizi iligeuzwa ya kupumulia, na chumba cha kuzindukia kikawa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Mpasuaji akabaki na mikono mitupu.

Nilisikia thieta moja ilitengwa kwa wenye korona. Palikuwa na nini cha pekee?

Hewa. Thieta ya kawaida husukumiwa hewa safi ili uchafu wa nje usifikie kidonda, kwa hiyo mlango ukifunguliwa hewa ya ndani hutoka kwenda koridoni. Kwa mwenye korona hilo ni balaa. Palipowezekana, mfumo uligeuzwa uvute hewa ndani. Mpira ukipitishwa, walibaki wawili watatu tu, wengine wakingoja nje mpaka hewa ibadilike. Na ndani ya barakoa nzito hakuna anayesikika: "mkasi" na "uzi" viliombwa kwa ishara.

Kwa nini timu ziligawanywa zisikutane hata kwenye chai?

Mmoja akiugua, isilale timu nzima.

Nimepona korona juzi. Henia (ngiri) yangu isubiri?

Utafiti mkubwa wa nchi 116, uliotolewa 2021, ulionyesha hatari ya kufa ilikuwa juu kwa waliopasuliwa kabla ya wiki 7 tangu waambukizwe. Chanjo zilikuwa bado hazijaenea, hivyo leo daktari atapima hali yako mwenyewe, hasa kama bado unahema. Lakini henia ikinasa, ikauma na kugoma kurudi ndani, achana na hesabu ya wiki. Nenda hospitali usiku huohuo.