Kabla Hujafunga Shifta Fupi

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nangojea shifta kutoka Japani, alinyamaza. Yeye alifundisha Garissa miaka mingi, na kwake neno hilo lina maana moja tu: watu wenye bunduki vichakani. "Shifta gani tena hao, mwanangu?" Nikamweleza kwamba ni mkono wa gia, ila mfupi. Akauliza kama gari langu halina mkono wa gia. Nikacheka. Ningemsikiliza ningeokoa pesa.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, ya 1999, injini ya lita 1.8, gia tano. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Lavington, na kasoro yake niliisikia siku ya kwanza. Ukiwa gia ya tatu, ungeweza kuuzungusha mkono wa gia kama mwiko kwenye uji. Nikaangalia video, nikasoma, nikajipa jibu: gari linataka shifta fupi. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika.

Shifta fupi ni hesabu ya nyenzo tuliyofundishwa shule ya msingi. Mkono wa gia una tufe lililokaa ndani ya kikombe, na hapo ndipo pa kuegemea. Juu ya tufe kuna kiganja chako, chini kuna ncha inayosukuma vyuma vya giaboksi. Tuseme juu ni sentimita 20 na chini ni 4. Ncha ikisogea sentimita 1, kiganja kimesafiri 5. Ukirefusha chini iwe 5, kiganja sasa kitasafiri 4. Safari imepungua kwa asilimia 20, ila nguvu ya kusukuma imepanda kwa asilimia 25. Wauzaji hukutajia ile asilimia ya kwanza.

Hiyo robo ya ziada huisikii Jumapili asubuhi ukipanda kona za Limuru. Isikilize Jumatano jioni Waiyaki Way, fri (gia ikiwa huru), ya kwanza, ya pili, breki, fri tena, saa nzima. Tena Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hushikwa na pumzi. Mahali ambapo mtu wa Mombasa angekanyaga mafuta tu, sisi tunashuka gia.

Basi shifta ikafika, nikaipeleka kwenye gereji moja. Dakika arobaini wakamaliza. Nikatoka pale nikijiona dereva wa Safari Rally. Siku ya tatu nikaanza kusikia joto kwenye goti la kushoto, kisha harufu ya oili iliyoungua, kisha mlio wa nyuki kila injini ikipita mizunguko 3,000. Wiki ya tatu gia ya pili ikaanza kukwaruza.

Aliyenifungua macho ni fundi wa jua kali kule Kariobangi. Alitoa konsoli, lile jalada la plastiki kati ya viti, akavuta mpira wa juu unaoziba shimo la mkono wa gia, akanyamaza. Kisha akaniita. Mpira wa chini, unaozuia oili isitoke, ulikuwa umepasuka duara nzima, umening'inia kama soksi iliyoisha. Akaingiza kidole kwenye shimo, akatoa kikombe kidogo cha plastiki kinachovaliwa na ncha ya mkono wa gia. Kilikuwa vipande viwili. Akanionyesha kidole chake, kikavu. "Boss, hapa hakuna oili hata ya kupaka chapati. Gia yako haikuwa ndefu. Ilikuwa imeisha raba."

Ule uji wote niliokuwa nakoroga ulitoka kwenye kile kikombe. Shifta mpya ilikuwa imefungwa juu ya ugonjwa wa zamani, na kwa kuwa ilitaka nguvu zaidi, nilikuwa nailazimisha gia ya pili kabla sinkro haijafanya kazi yake. Sinkro ni pete ya shaba inayosawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana, na huwezi kuiharakisha kwa misuli.

Kwa hiyo anza na mpira wa juu, mpira wa chini, kikombe cha plastiki na oili. Mimi vyote vilinigharimu chini ya robo ya bei ya shifta. Kisha endesha mwezi mmoja. Ukiona bado unataka kitu, jaribu kwanza nobu (kile kichwa cha mkono wa gia unachokishika) nzito, ya gramu 400 hivi. Uzito wake husaidia mkono kuingiza gia, na unaifunga ukiwa umekaa kwenye kiti. Uzi wake kwa Mazda ni M10 kwa 1.25, yaani upana wa milimita 10 na milimita 1.25 kati ya mzunguko mmoja wa uzi na mwingine. Usimruhusu mtu akukatie mkono wa gia na msumeno eti ni kitu kilekile. Utabaki na nobu iliyozama kwenye konsoli na uzi uliopinda.

Na ukiamua kufunga shifta kweli, acha gari lipoe kabisa, maana handaki la giaboksi, lile bati linaloifunika katikati ya gari, huunguza. Weka fri. Ukishachomoa mkono, ziba shimo kwa kitambaa safi mara moja. Nati ikidondoka humo utashusha giaboksi nzima. Hakikisha kile kikombe kimetoka na ncha, kwani mara nyingi hubaki ndani, na sumaku haishiki plastiki. Halafu jambo ambalo ile gereji haikulijua au haikujali: kwenye giaboksi hii ya gia tano, chumba cha mkono wa gia kina oili yake, mbali na ile ya giaboksi. Ni kidogo, kama mililita 90. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, ujaze oili ya gia ya 75W-90, ndipo urudishe mpira. Kabla ya kufunga konsoli, pitia gia zote na rivasi injini ikiwa imezimwa. Ya tano ikigoma, kuna kitu kinagusana.

Shifta fupi bado iko garini, nami naipenda, hasa kutoka ya pili kwenda ya tatu: ni mkono kukunjwa kidogo tu, inasikika kama bolti ya bunduki. Asubuhi za Julai gia ya pili hukataa kilomita mbili za kwanza, basi naianza safari polepole. Ule mkono wa zamani nimeufunga kwa gazeti, uko chini ya kitanda. Mke wangu akitaka gari kwa wiki nzima ya kazi, huwa naurudisha. Sasa nimezoea, dakika ishirini na tano tu, pamoja na kunawa mikono.