Jibu: Raki inanguruma ukiunganisha miksa

Salama ndugu yangu. Kama nimekuelewa, vyombo vya muziki ulivyovipanga kwenye raki (fremu ya kufungia na kubebea vyombo) vinatulia nyumbani, ila ukifika harusini Ngamiani, hapa Tanga, vinanguruma mara tu unapounganisha miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti.

Usifungue skrubu hata moja kwanza. Miksa umeichomeka wapi? Mimi yalinikuta Raskazone: amplifaya kwenye soketi ya ukumbini, miksa kwenye ekstensheni iliyotoka jikoni. Mngurumo mzito usiku kucha, bwana harusi kanuna. Nilipohamishia vyote soketi moja, kimya! Siku hizi raki yangu ina ekstensheni imefungwa kwa nyuma, waya mmoja tu ndio unaokwenda ukutani, na miksa inakula humo humo. Kuna watakaokwambia ukate mguu wa ethi (ule wa waya wa ardhini) kwenye plagi. Usithubutu. Kelele itaisha, lakini siku waya ukichubuka ndani raki nzima inashika umeme, na mwimbaji wako ana maiki ya chuma mkononi.

Ikiendelea, tazama nyaya. Za sauti zipite upande mmoja wa raki, za umeme upande wa pili. Zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba, zisilale pamoja. Kutoka miksa kwenda amplifaya tumia waya wa XLR (ule wa maiki wenye pini tatu), si waya wa gitaa.

Amplifaya ikae chini kabisa na ishikwe nyuma pia, maana masikio ya mbele (vibati vya pembeni vinavyofungwa kwa skrubu) peke yake hupinda kwenye bajaji. Na kwa chumvi ya bahari yetu hii, futa vichwa vya plagi mara kwa mara.

Hujasema miksa yako ni ipi. Weka picha ya nyuma yake.